Mlinzi Asiyeonekana wa Marisela

Ndani ya meli Marisela, ghuba ya Nuadhibu
3 Machi 1997

Dada Mneya,

Salamu zangu zikufikie wewe, shemeji na watoto, na kila anayekuuliza habari zangu bila kucheka. Hamjambo wote? Kifua chako kimepoa, au bado unavuta zile dawa za kusafishia picha? Mimi ni mzima, uzima wa kuku ndani ya tenga. Leo nimetimiza miezi kumi na minne sijakanyaga nchi kavu.

Wewe unajua nilivyoingia humu, lakini niache niseme tena, maana sina mwingine wa kumwambia. Nahodha alisema anakwenda mjini kununua vitunguu, wenzangu wakamfuata mmoja mmoja, nikabaki mimi mpishi na sufuria. Mahakama ikaja kuizuia meli kwa madeni. Wakauliza, "Nani hapa anajua kuandika jina lake?" Mimi na kiherehere changu nikanyanyua mkono! Nikaandika kwa mwandiko mzuri kabisa: mlinzi wa meli kwa amri ya mahakama. Mwenye meli hajulikani aliko, na mimi nikishuka bila mtu wa kunipokea zamu, ni jela.

Mji nauona. Nauona mnara wa msikiti wenu, naiona treni ya madini ya chuma ikiingia na vumbi lake. Siku ile ulipokuja ufukweni na kamera yako nilikujua kwa melhafa ya njano uliyojitanda. Nilipunga mkono mpaka bega likauma. Ulipiga picha ukaondoka. Hukuniona, sivyo?

Demba mvuvi anapita kila baada ya siku chache akienda kutega pweza, nateremsha ndoo kwa kamba naye anatia maji na barua. Nitumie betri za redio, majani ya chai, na kilemba. Tafadhali usisahau kilemba. Changu nimekichana, nusu nachujia maji ya pipa, nusu nimefanya utambi wa taa. Nakaa kichwa wazi mchana kutwa kama mtu asiye na kwao.

Mdogo wako,
Yahdhi

*

Nuadhibu
9 Machi 1997

Mdogo wangu Yahdhi,

Umeamkaje? Umelalaje? Mwili una nguvu? Unakula? Huku hatujambo, kifua kinanisumbua asubuhi tu, na watoto wanaulizia mjomba wao anayekaa baharini.

Ni kweli sikukuona. Nimekuona leo, baada ya kusafisha ule mkanda: kidoa kidogo juu ya sitaha, na mkono. Nimekaa na ile picha nikalia, kisha nikaona jambo jingine likanikausha machozi. Unajua watu wananiita mpiga picha wa maiti, kwa kuwa miaka sita sasa napiga hizi meli zilizokufa, kila mwezi, kutoka jiwe lilelile. Nimezipanga picha zote za Marisela mezani. Mwaka jana mstari mwekundu wa ubavuni ulikuwa juu ya maji kutoka omo hadi tezi. Sasa upande wa kushoto haupo. Yahdhi, meli yako inalala ubavu. Wewe uliye ndani huoni, maana na wewe unalala nayo.

Sasa shika habari njema, kaa chini kwanza. Umeoa! Barua yako ya Ramadhani iliyompa mume wangu uwakili tumeitumia Ijumaa iliyopita. Teslem ni mke wako kwa hati na mashahidi. Miaka minne unamtaka, basi umempata. Na baba yake, Mzee Deda, tangu mwezi uliopita ndiye mkaguzi wa meli zilizozuiwa. Unaona nilivyopiga hesabu? Atakuja kwako tarehe kumi na nane. Akiandika tu kwamba amemwona mlinzi, yuko kazini na ana afya, mahakama itakubali upokewe zamu. Mtu wa kukaa badala yako ameshapatikana, anaitwa Saleki, hana kazi na hapendi watu, kwake huko ni peponi.

Wewe kazi yako ni moja tu: uonekane.

Betri na majani ya chai nimempa Demba. Kilemba sikupata nafasi ya kwenda sokoni. Wiki ijayo, inshallah.

Dada yako,
Mneya

*

Marisela
19 Machi 1997

Dada Mneya,

Nakusalimu, na naomba usome barua hii umekaa peke yako, mbali na chochote unachoweza kukirusha. Mko wazima? Mimi mwili mzima. Mengine utayasikia.

Amekuja, nami nikajificha.

Usinipigie kelele kwanza. Nilijiandaa tangu alfajiri. Nilifagia, nikapanga birika na vikombe vitatu, nikawasha makaa. Nikasema nitafunika uso kwa kitu chochote. Nikajaribu lile shuka, limeoza, likachanika mkononi. Nikajaribu gunia la mchele. Dada, gunia! Mbele ya baba wa Teslem, siku ya kwanza! Kwetu mtu na heshima zake hata akiwa amefunikwa mpaka kope anakwepa njia anayopita baba mkwe wake, sembuse mimi, kichwa wazi, ndevu za miezi kumi na minne, kaptura ya mpishi. Mashua ikagonga ubavu. Nikasikia kikohozi chake. Miguu ikanichukua yenyewe, nikashuka ngazi mpaka kwenye tundu la mnyororo wa nanga, lile lililo wazi ubavuni.

Akaita, "Mlinzi! Ewe mlinzi wa meli!" Mara tatu. Nilifungua mdomo, wallahi nilifungua. Sauti ikakataa. Akatembea juu ya kichwa changu, nikazihesabu hatua zake, akasimama palepale nilipo. Kisha akashuka, mashua ikaenda zake.

Nimekaa humo mpaka chai ikakauka birikani. Mwambie nilikuwa naumwa. Mwambie nilikuwa nasali. Mwambie lolote, dada, nitoe humu.

Mdogo wako,
Yahdhi

*

Nuadhibu
26 Machi 1997

Yahdhi,

Salamu utapata, kwa kuwa marehemu mama alinifundisha adabu. Hujambo? Nasi hatujambo. Basi, zimekwisha.

Mjinga wee! Mjinga mkubwa! Miezi kumi na minne unanililia nikutoe, mlango unafunguliwa, unaingia kwenye tundu kama panya! Unajua alichoandika? "Nimepanda, nimeita mara tatu, sikumwona mtu." Mahakama imekutolea hati ya kukamatwa. Mlinzi mtoro! Wewe ambaye hujashuka hata siku moja! Ukija mjini watakufunga kwa kutoroka, ukikaa huko hakuna anayejua upo. Demba hawezi kuwa shahidi, kukupelekea vitu ni kosa, watamfunga na yeye.

Nami sina haki ya kukutukana, najua. Kilemba. Nilikisahau mimi. Na ndoa niliiharakisha mimi, nikijiona nina akili kuliko mji mzima.

Ila sikiliza. Siku ile nilikuwa kwenye jiwe langu na lenzi ndefu. Juzi nimesafisha mkanda. Kwenye picha ya kumi na moja Mzee Deda kasimama sitahani, mikono mdomoni, anaita. Chini yake, kwenye tundu la mnyororo, uko wewe, umejikunja, umejifunika uso kwa viganja. Nimeikuza hadi vidole vyako vinahesabika. Nikaikimbiza kwake.

Akaitazama. Nikamwambia, "Mzee, huyu hapa mlinzi wako." Akairudisha kifudifudi. Akasema, "Picha hii, mwanangu, hukupaswa kunionyesha."

"Kwa hiyo hukumwona?"

"Makaa yalikuwa mekundu. Vikombe vitatu. Na nilipoinama niliona kisigino chake."

Nikamwuliza, "Sasa kwa nini ukaandika hukumwona mtu?"

"Mtu ni uso, Mneya. Angetoka ningeandika. Amejisitiri mbele ya baba wa mkewe, nami nimwite mtovu wa haya kwa kumfichua? Nilirudi mashuani na furaha. Nilisema, binti yangu ameolewa na mtu." Kisha akanishika mkono. "Hati ya kukamatwa sikuijua. Nilidhani watanituma tena tu."

Watamtuma tena, ndiyo, Septemba. Nimechora mstari wa penseli kwenye picha zako kufuata maji yanavyopanda. Yatafika kwenye hilo tundu lako mwezi wa sita. Nimemwomba afute alichoandika. Anasema kuiapia mahakama kwamba alimwona mkwe wake akijificha ni kumvunjia heshima, na hawezi kuapa uongo kwamba alimwona kazini. Nimemwacha amekaa, ameshika kichwa.

Mahakama nayo inataka saini ya mkaguzi tu, picha haiipokei. Imebaki njia moja, na mdomo wangu unaungua kuisema. Usiwe mkwe wake. Mwandikie Teslem talaka. Akishakuwa si baba mkwe wako, atapanda, atakutazama, ataandika. Mimi niliyekuozesha ndiye ninayekwambia. Nisamehe.

Dada yako,
Mneya

*

Marisela
1 Aprili 1997

Dada yangu,

Amani iwe kwako na kwa nyumba yako. Kifua? Watoto? Mimi nipo. Sasa hata mimi naona meli inalala. Jana kikombe kiliteleza mezani bila kuguswa, kikavunjika. Vimebaki viwili.

Nimekaa siku tatu na kalamu. Mke niliye naye sijawahi kukaa naye chumba kimoja. Niliwahi kumwona mara tano, na mara ya tano alinicheka kwa sababu ngamia wa mjomba alikuwa amenilia kofia. Basi. Hicho ndicho nilicho nacho cha kukumbuka, na nimekikumbuka mpaka kimechakaa. Najiuliza, mtu anaweza kuumia hivi kwa kumwacha mwanamke aliyemcheka?

Nataka kuishi, dada. Naona haya kuandika, lakini nataka kuishi. Usiku naogopa, na mchana naogopa.

Nimeandika hapa chini kwa mkono wangu, Demba ameniona nikiandika: *Barua hii itakapofika mkononi mwa Teslem binti Deda, ameachika, na haki zake zote nazikubali.*

Mpe. Usinisimulie uso wake ulivyokuwa.

Mdogo wako,
Yahdhi

*

Nuadhibu
3 Aprili 1997

Yahdhi, mwana wa mama yangu,

Hujambo? Huna homa? Maji yamefika wapi? Sisi sote wazima, na wapo wanaokusalimu, utawasikia mbele.

Demba alileta barua yako jana adhuhuri, dukani kwangu, na Teslem alikuwa amekaa kwenye kile kiti cha kupigia picha za vitambulisho. Huja kila siku tangu ile hati ya kukamatwa itoke, anakaa, anauliza umeandika nini. Akaujua mwandiko. Nilisoma nimesimama. Nikafika kule chini, Yahdhi, kwenye talaka. Naye akanyoosha mkono. "Lete na mimi nisome. Si mume wangu?"

Mkono wake ulikuwa karibu kama kalamu hii. Nyuma yangu kulikuwa na beseni la dawa. Nikaitumbukiza humo, nikaikoroga kwa koleo la picha mpaka wino wote ukatoka. Akapiga ukelele, "Mneya, umerukwa na akili?" Nikasema imeniponyoka. Akaniuliza uliandika nini. Nikamwambia, "Anaomba kilemba." Ni kweli uliomba, mwezi uliopita.

Basi haikumfika mkononi. Sikujua bado nimekuokoa au nimekuua. Usiku mzima sikulala, nikifikiria ule mstari wangu wa penseli.

Leo asubuhi Mzee Deda amekuja mwenyewe. Hakuketi. Amesema, "Nimerudisha funguo za ofisi. Miaka thelathini na moja inatosha." Mkaguzi si yeye tena. Amepewa kazi mtu kutoka mji wa Atari, hana undugu na sisi hata wa mbali, na amri yake ya kwanza ni kurudia ukaguzi wa Marisela, Jumatatu, bahari ikiruhusu. Saleki atakuwa mashuani na godoro lake. Nimempa yule bwana ile picha ya kumi na moja. Ameitazama akacheka mpaka akafuta machozi, kisha akasema mtoro gani huyu aliyejificha ndani ya gereza lake.

Nilimwuliza Mzee Deda kwa nini ameiacha kazi anayoipenda hivyo. Akanijibu, "Mkaguzi wa kuchukua nafasi yangu wamempata kwa siku moja. Mkwe je?"

Kisha akafungua kilemba chake hapo hapo dukani, kile cheusi cha Ijumaa, chote, akabaki na mvi zake nje. Mimi niligeukia ukutani. Alikikunja akakiweka mezani, akasema, "Huyu mtoto hana cha kujifunikia."

Kimo ndani ya ndoo. Jifunge vizuri, macho tu yabaki nje. Jumatatu ukiitwa, itika mara ya kwanza, Yahdhi, ya kwanza! Teslem anapika wali na samaki tangu sasa ninavyoandika.

Ukifika gatini utamwona mzee amesimama mwisho kabisa, ameelekea mjini, amekupa mgongo. Usimsalimie. Pita taratibu, asikie hatua zako.

Dada yako,
Mneya