Herufi ya Kwanza ya Leshan

Caren, siamini. Leshan wetu ameanguka leo akitetea tasnifu yake mbele ya maprofesa, na mamake alitoka Kajiado kuja kumsikiliza.

Kazi ya miaka minne! Mashine aliyoibuni inasoma mfululizo wa herufi usio na mwisho. A zikiendelea kutokea milele, inapaswa ianze kuandika B. A zikikoma, ianze na C.

Profesa akauliza tu, "Kama wewe ndiye mashine, herufi ya kwanza utaiandika lini?"

Ili Leshan ajue kama A zitakoma, lazima asome herufi zote, na haziishi!

"Utaiandika lini?" profesa akarudia.

"Sitawahi kuiandika," akasema.

Mamake akadhani mwanawe amemaliza, akapiga makofi. Peke yake, Caren. Peke yake!

Leshan akamwendea, akamshika mikono, makofi yakakoma. "Yeyo, mama yangu, nimekosea."

Mama akamfuta machozi kwa shuka yake, mbele ya wote.