Kwa Ketki, Aliyetaka Wajane Watoke Jikoni

Ketki, mkwe wangu,

Mwaka umetimia tangu Jumapili ile ya theluji ulipotutoka, na mimi mama mkwe wako bado nina maswali. Mwanangu Kirit, mumeo, kaniambia, "Mama, tangazo la kumbukumbu ni la maneno matamu." Nikamwambia aniachie mwenyewe. Maneno matamu hukuyapenda wewe.

Mchana ulipanga dawa dukani, jioni ulipika, kisha ukakaa mezani kuandika safu yako ya gazeti la Kigujarati hapa Edison, Marekani. Kila Ijumaa gazeti likitoka, simu ya nyumbani hailali! Uliandika kwamba wanasiasa huja hekaluni kula dhokla zetu, vile vitafunio vya unga wa dengu, mwezi wa uchaguzi tu. Uliandika kwamba mwanamume asiyejua kupika chai hajakua. Kirit akajaribu siku hiyo hiyo, akaniunguzia sufuria, nawe ukacheka mpaka ukakaa chini. Wasichana waliotoka India juzijuzi walikuja kukulilia, ukawaandikia barua zao za ofisini, ukawafungia na chapati.

Mbele yako nilijifanya siyajui hayo maandishi. Kumbe gazeti nililificha chini ya mto, nasoma yote. Nilikuwa na hamu ya kujua wiki hii utamchokoza nani.

Ila lile moja lilinichoma. Uliandika kwamba mjane hana mkosi hata afichwe jikoni siku ya harusi, na kwamba yeye ndiye awe wa kwanza kumpaka bibi harusi manjano. Mjane wa nyumba hii ni nani kama si mimi? Nikakufokea, "Umenianika gazetini!"

"Mama, jina lako sikulitaja."

"Edison nzima inajua!"

Siku tisa hatukusemezana. Ya kumi ukaja taratibu, ukaniuliza, "Hivi Mama, wenzako wakipaka manjano, wewe huko jikoni huwa unafanya nini?" Leo nakujibu. Nilikuwa naosha vyombo safi.

Mwezi uliopita binti yako Urvi aliolewa. Ilipofika saa ya manjano nikanyanyuka kwenda zangu jikoni kama kawaida. Mtoto akanishika mkono mbele ya watu wote. "Bibi, mama hayupo. Usiponipaka wewe, leo sipakwi na mtu."

Wifi yangu Mangla akadakia, "We mtoto, unajitakia balaa siku ya harusi yako?"

Ketki, niliogopa kweli. Huyu ndiye mjukuu wangu pekee, na lolote lingempata ningejilaumu mpaka naingia kwenye moto wa kuchomea maiti. Lakini alikuwa ananitazama kwa macho yako. Nikachovya vidole, nikampaka mashavuni, mikononi, miguuni. Nikamgeukia Mangla: "Kama una la kusema, liandikie gazeti!" Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Wajane wawili waliokuwa wamejibanza karibu na mlango wakaja mbele, wakachovya na wao.

Urvi ni mzima wa afya. Hakuna lililompata.

Tangu siku hiyo nawaza jambo moja. Ulipoletwa kwetu Nadiad, kule India, ukiwa bibi harusi, umetapakaa hina, aliyekupokea mlangoni kwangu alikuwa Mangla. Mama wa bwana harusi hakuonekana. Mume wangu alikuwa na miaka miwili tangu afariki, nami nilijificha jikoni nikikusikiliza unavyoingia. Je, ulinitafuta kwa macho? Uliniulizia? Miaka thelathini na moja hukuniambia, na mimi nilidhani unanianika, kumbe ulikuwa unaniita.

Nisamehe, mwanangu. Ilikuwa haki yangu kukupokea, nami nilikuogopea mkosi wangu.

Wanaokukumbuka ni mumeo Kirit, binti yako Urvi na mumewe Nisarg, wifi yangu Mangla ambaye amenuna mpaka leo, na mimi Rambhaben, mama yako. Siku zetu zote zilizobaki, utakuwa nasi.