Glasi ya Stili Uliyoiandika kwa Mkono Wako

Mwikali, mwaitu,

Ni mimi baba yako. Usicheke mwandiko. Unajua shule niliacha darasa la nne, na mwalimu alifurahi kuliko mimi. Nakuita mwaitu, mama, hata sasa, kwa vile jina nililokupa ni la mama yangu, na nyinyi wawili mlinigombeza sawasawa.

Siku ya kukuzika udongo ulikuwa mgumu kama tofali. Vijana walipokezana sururu mpaka wakachoka. Nikawaambia, "Mwacheni, huyu hakuwahi kupenda kuharakishwa." Walicheka kidogo, halafu wakaniangalia vibaya. Sasa hapa nyumbani anayecheka ni mimi peke yangu, na nikimaliza kunakuwa kimya sana.

Lakini naandika kwa sababu ya glasi.

Ile ya stili uliyoniletea Krismasi kutoka Athi River, wakati ulikuwa unashona suruali za longi kiwandani. Uliandika kwa karatasi, fundi akafuatisha mwandiko wako na kimashine chake mpaka ukaingia kwenye chuma: "Baba, maji tu. Mwikali." Kijiji kizima hapa Muthetheni kilisoma. Kyalo, rafiki yangu wa kunywa naye, akaniambia, "Wewe umefungwa na glasi!"

Na sheria zako! Maji vuguvugu, sabuni, kitambaa laini. Waya wa sufuria hapana, jivu hapana, mchanga hapana. Ikaushwe hapo hapo, maana maji ya kisima chetu yana chumvi na yanaacha madoa meupe. Madoa yakikataa, ndimu. Nikakuuliza, "Na niiimbie ndiyo ilale?" Ukasema, "Baba, hayo maandishi hayajaingia sana. Ukikwaruza yanaenda."

Kila mwisho wa mwezi ulikuwa unafika, na kabla hujanisalimia unachukua glasi, unanusa. Mimi nimekaa hapo kama mtakatifu, nimetafuna majani ya mpera tangu asubuhi.

"Baba, hii ni kaluvu."

"Ni maji yamekaa, mwaitu."

Ulijua. Glasi niliosha vile ulisema, haki, lakini pombe ya miwa haifichiki. Nilikudanganya mpaka ile mara ya mwisho ulipoletwa nyumbani na ule ugonjwa wa kifua uliokuchukua. Ulinusa, ukakohoa, ukakosa pumzi ya kunigombeza. Hapo ndipo nilitamani unigombeze.

Sasa sikia kitu nilifanya. Asubuhi ya mazishi akina mama wa kanisa walikuja, vile wao huenda kwa kila boma lenye msiba. Walitoa kila chombo nje, sufuria, sahani, hata beseni la kuku, wakaanza kusugua kwa jivu na waya ili wageni wasikute nyumba yako chafu. Mimi nimekaa na wazee, hatua kumi tu. Nikaona Ndunge, jirani yetu, ameshika glasi yangu. Kwaru, kwaru. Alikuwa anasugua huku analia.

Nilijua, Mwikali. Mtoto amelala kwenye sanduku, baba apige kelele juu ya glasi? Mimi ninayefanya mzaha hata kanisani, siku hiyo nikaona aibu. Nikanyamaza mpaka akamaliza. Aliniletea inang'aa, akasema, "Pole, Baba Mwikali. Angalau hii imetakata." Nikamwambia asante.

Jina lako limeenda. "Maji tu" imebaki nusu nusu, na ule mkia mrefu wa M ya jina lako. Mwandiko wako mwingine sina. Barua hukuwahi kuniandikia, ulikuwa unakuja mwenyewe kunisomea.

Juzi niliipeleka Machakos mjini kwa fundi anayechora vikombe vya mashindano ya shule. Akasema, "Hii ni rahisi, mzee. Naandika juu yake, herufi nzuri kuliko hizi." Akawasha kimashine. Nilipoona ile sindano inashukia mkia wako, nikamnyang'anya glasi. Akaniuliza kama niko na wazimu. Nikamwambia, "Niko nao, lakini wewe huna mkono wa msichana wangu."

Basi naiosha mwenyewe. Kitambaa ni kipande cha leso yako, usianze, ilikuwa imechanika. Naikausha pole pole, napitisha ukucha mpaka unashika ule mkia, kisha naiweka juu ya kabati ambapo hakuna mtu mwenye huruma anaifikia. Ndunge sitamwambia, hata akizeeka kuliko mimi.

Lala, mwaitu. Ahadi zangu unazijua, zote zilikuwa na harufu. Nakupa hii moja: mpaka siku watachimba huo udongo mgumu tena kwa ajili yangu, glasi hii haitaona kaluvu.

Leo nimeijaza mpaka juu. Ni maji. Njoo unuse.

Baba yako