Landrova ya Kijani Kabla ya Mnada wa Korogwe

Mpendwa Mama Mwanaidi,

Nisamehe kwa kimya changu kirefu. Tangu tulipokuzika Kerenge nimeshika kalamu mara nyingi nikaiweka chini, kwa sababu sikuwa na jambo la kukuuliza. Leo ninalo.

Binti yetu anataka kununua gari. Sasa ni daktari wa mifugo, na huwafuata wafugaji wa Handeni kwa pikipiki, hata mvua ikinyesha. Jumamosi kutakuwa na mnada hapa Korogwe wa Landrova za zamani zilizotengenezwa upya, naye ameniomba nimchagulie. "Baba, wewe sema moja tu, mimi nitanunua." Unamjua mwanao, akishaniamini haulizi tena.

Jana wauzaji waliruhusu watu kuyatazama magari, nikaenda na Mwanaidi. Nilikukumbuka tangu getini. Ulikuwa muuguzi, umezunguka vijiji vya Misima ndani ya Landrova ya kliniki kabla sisi hatujapata yetu. Siku tuliyokwenda kuinunua, mimi nilitazama rangi. Wewe uliweka kiganja juu ya boneti, kama unavyompima mtoto paji la uso, kisha ukamgeukia muuzaji.

"Kaka, mgonjwa wako ana homa."

"Homa gani tena, mama?"

"Hatujamwasha, mbona ana joto? Umemchemsha mapema ili tusisikie anavyokohoa."

Muuzaji mwenyewe alicheka, na tukarudi kesho yake injini ikiwa baridi.

Basi jana nami niliweka kiganja. Ile nyekundu, anayoipenda Mwanaidi, ilikuwa ya moto. Niligonga mlango wake, ukatoa sauti nzito: chini ya rangi ni puti tupu, ule udongo wa kuziba kutu. Ile ya kijani ilikuwa baridi. Ilipowashwa ilisita, ikatoa moshi kidogo, ikatulia, na bati lake lililia vizuri kila nilipoligonga. Lakini nilipolala chini kuitazama, niliona chasisi, huo uti wa mgongo wa gari, imechomelewa karibu na gurudumu la nyuma. Weldi hiyo yaweza kuwa imara kuliko chuma chenyewe. Yaweza pia kukatika mtoto wetu akiwa peke yake porini.

Kisha niliketi kwenye usukani, nikageuka kushoto, mahali pako. Ulikuwa ukishika kile chuma cha mbele kwa mikono miwili na kuniambia, "Mwalimu, shimo hilo si mwanafunzi wako, huwezi kulinyamazisha. Punguza mwendo!" Nilikaa humo mpaka Mwanaidi alipogonga kioo.

"Vipi, Baba, ndiyo hii?"

Nilitaka kusema ndiyo. Neno lilikuwa limekwisha kufika mdomoni. Nikashuka kwanza, kwa kuwa sikujua kama nimeipenda gari ile au nimekutamani wewe. Macho yangu bado yanaona vizuri, lakini moyo wangu ulikuwa umekwisha kuinunua kabla sijainama kutazama chini yake. Siwezi kumpandisha mtoto wetu juu ya upweke wangu na kumwambia aende nao Handeni.

Kwa hiyo nimemwomba fundi mmoja wa Mkumbara, mtu ambaye hakukufahamu kamwe, aje kesho aikague weldi ile. Akisema haifai, nitamwambia Mwanaidi aiache, nami nitakwenda nyumbani bila kugeuka nyuma.

Pumzika, mke wangu. Tukishaamua nitakuandikia, hata kama jibu litakuwa hapana.

Mumeo,
Baba Mwanaidi