Orodha Niliyoinulia Mkono

Luzia mwenzangu,

Anayeandika ni mkwe wangu Editha, mimi nasema tu. Anataka kunitilia maneno ya ofisini. Nimemkatalia, utadhani barua ni ya mtu mwingine.

Kaburi lako limedidimia upande wa miguu, nimeongeza mawe. Usipa ni mwingi, lakini nauanika peke yangu. Hakuna wa kunisimanga, "Mmatengo wewe, samaki haanikwi kama kahawa!" Nimezeekea hapa ziwani, na bado ulinihesabu mtu wa Maguu kule milimani.

Sasa nisikilize vizuri, maana nimekosea.

Amelia, binti wa kaka yako, amekuja. Kwa miguu, kutoka ng'ambo ya mpaka, mtoto mgongoni, miguu imevimba kama mihogo iliyolowekwa. Hakuwa na kitu ila jina lako. Alisimama mlangoni akasema, "Namtafuta shangazi Luzia." Nikamwambia umelala pale kanisani, yeye aingie ndani. Kijiji chao kimechomwa. Mumewe hajulikani alipo. Sikumuuliza zaidi. Bodaboda ikipita tu, mtoto anakimbilia uvunguni, nimeshajibiwa.

Mwezi huohuo tukaitwa kwenye mkutano wa kijiji. Akaja ofisa, si wa huku, kijana mwenye adabu, akawaamkia wazee wote. Akasema kwa jirani zetu wamepiga kura, viongozi wapya wameapishwa, na kwetu nako uchaguzi unakaribia, kwa hiyo wageni wote waandikwe. "Nchi yetu ni ya demokrasia," akasema. "Hatumlazimishi mtu. Wanaokubali wainue mikono."

Luzia, mimi nikainua wa kwanza.

Nilikuwa nakukumbuka wewe. Ulipovuka ukiwa msichana, wakati wa vita vya Mreno, walikuandika, wakakupa blanketi, jembe na kipande cha shamba. Kile kikaratasi ulikifunga kwenye nailoni ukakilalia mpaka uzeeni. "Ukiandikwa, umepona," ndivyo ulivyokuwa ukiniambia. Nikajua orodha ni ileile. Nikawageukia walio nyuma, nikawakemea, "Inueni, mnaogopa nini?" Wakainua. Hakuna aliyeuliza orodha ni ya nini, na mimi mkubwa wao sikuuliza.

Kesho yake nikamchana Amelia nywele, nikamshika mkono, nikampeleka mwenyewe. Jina lilipokwisha kuandikwa, ndipo nikauliza blanketi.

Kijana akatazama chini. "Bibi, hii ni ya kuwarudisha kwao. Huko hali imetulia."

Imetulia! Mbona basi jana wamefika wengine wawili, mmoja ameungua mkono? Redio inasema amani, njia inasema lingine. Kura wamepiga, sawa. Waliochoma nyumba hawakuwa kwenye foleni ile.

Gari la kuwachukua linakuja Jumatatu.

Kijiji kimebadilika, Luzia. Jirani aliyekuwa akimletea mtoto uji haji tena. Anayegombea anazunguka ufukweni akisema hao wa ng'ambo wametuletea moto nyuma yao, na watu waliokula sahani moja na wewe wanaitikia kwa kichwa. Juzi nimesikia watoto wakiuimba huo moto, wanaruka kamba. Ziwa nalo limetulia tuli siku ya tatu. Silipendi likiwa hivyo. Nawe ulikuwa hulipendi.

Nimepita nyumba kwa nyumba. Nimewaambia mikono iliyoinuliwa inaweza kushushwa. Mwenyekiti amekubali tukutane tena Jumamosi. Lakini wengi wananijibu, "Bibi, si wewe uliyetuambia tuinue?" Ni kweli. Naaga, napiga hodi nyumba inayofuata.

Amelia hanilaumu. Afadhali angenitukana. Anafagia uwanja tu, anafagia palipokwisha kufagiliwa.

Leo asubuhi nimerudi ofisini na Editha. Nikasema, niandike na mimi. Kijana akacheka. "Bibi, wewe si mgeni." Nikamwambia nilikuja huku kuolewa, nimetoka Maguu, na mwenzangu aliyekufa hakuacha kuniita mgeni hata siku ile namlisha uji wa mwisho. Andika. Akaona sicheki. Akaandika. Editha amenisomea: jina langu liko chini ya la Amelia.

Basi lala, Luzia. Ya Jumamosi siwezi kukuahidi, mikono ile si yangu. Ya Jumatatu nakuahidi. Nitakaa kizingitini, Amelia na mtoto nyuma yangu, na anayetaka kuwapakia atanipakia mimi kwanza. Unajua nilivyo mzito. Wewe na wanaume wawili mlishindwa kuniinua siku ile nilipoanguka kisimani.

Mmatengo wako,
Kalista