Shemeji Kaipandisha Daraja Laptopu ya Dada

Shoga, kaa chini kwanza! Leo dada kaaibika mbele ya mabosi watatu.

Fundi alishamwambia ile laptopu yake kongwe inataka memori na diski ya kasi tu, mfumo wa zamani uachwe. Nani kasikiliza? Mumewe, injinia wetu aliyesomea kwenye video za mtandaoni, kaweka mfumo mpya kabisa. "Sasa itapaa!"

Imepaa kweli. Katikati ya intavyuu ya kazi kwa video, picha ikaganda, dada mdomo wazi, ila sauti inasikika vizuri tu. Shemeji huyo anafoka: "Umebonyeza nini?" UMEBONYEZA NINI! Mabosi wanasikia!

Dada akamjibu kwa upole: "Baba, toka chumbani."

Halafu bosi mmoja akacheka: "Kwa utulivu huo, kazi umepata. Laptopu tutakupa sisi, ila yeye asiiguse."