Pini za Breki Siku ya Harusi

Shabani mjukuu wangu, mume wangu mdogo,

Salamu uzipokee na hiyo mikono ya grisi. Huku Kibiti wazima, shangazi yako kaolewa tena! Unauliza pini za pedi za breki zikiganda uzigonge? Subiri kwanza. Babu yako alizoea kuosha gari kwa maji ya chumvi, huko deltani, pini zikaota kutu. Siku ya kumpeleka mdogo wangu kwa mumewe kule Mahege, akataka kubadilisha pedi, pini hazitoki. Bibi harusi kaketi na hina yake! Babu akashika nyundo. Nikamwambia, "We baba, ukivunja tutachekwa!" Tukazitia dizeli, tukanywa chai huku ikipenya, akazizungusha taratibu, mbele, nyuma, zikatoka. Akafuta dizeli yote, akafunga pedi mpya.

Njiani bibi harusi akauliza, "Shemeji, zinashika?"

Babu akakanyaga breki. Wote tukarukia mbele na mikeka yetu.

Bibi yako